Kutoka Mgodini Geita Hadi Kilele cha Uhuru

Na Mwandishi Wetu

Watanzania wengi tumezoea kuutazama Mlima Kilimanjaro kama mtu atazamavyo picha iliyotundikwa ukutani. Tunaujua kwa jina tangu darasa la kwanza, tumeipa jina lake timu yetu ya mpira ya Tanzania Bara, tunausifu mbele ya wageni, lakini kazi ya kuupanda tumewaachia wageni wenyewe. Mkazi wa Shinyanga au Geita ukimwuliza kama amepata kufikiria kufika kileleni huenda akacheka. Kwake yeye nchi ni mbuga za pamba na mpunga, ng'ombe, na mawe ya itale yaliyosimama juu ya vilima ambavyo mtoto hupanda na kushuka kabla jua halijawa kali. Theluji ataifanyia nini?

Hata hivyo, liko kundi la watu wa ukanda huu wa dhahabu ambalo limekuwa likifunga safari ya kwenda kuupanda mlima huo tangu mwaka 2002. Ni wafanyakazi wa Mgodi wa Dhahabu wa Geita pamoja na wenzao wa ndani na nje ya nchi, katika safari ijulikanayo kwa jina la Kili Challenge. Wengine hupanda kwa miguu hadi kileleni, wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Hawaendi kustarehe. Kila safari hukusanya michango ya kupambana na UKIMWI, na Serikali hushirikiana nao kupitia Tume ya Kudhibiti UKIMWI, yaani TACAIDS, iliyoundwa mwaka 2001.

Yafaa kuulizana jambo moja ambalo katika sherehe za kuwaaga wapandaji hao husahauliwa kwa urahisi. Mtu aliyeishi maisha yake yote kando ya Ziwa, akafanya kazi yake mgodini, anapopelekwa kwenye urefu wa mita 5,895, mwili wake unapatwa na nini? Na je, anajua wakati gani wa kuendelea na wakati gani wa kurudi?

KWA NINI WATU WA DHAHABU

Kwanza tueleze kwa nini safari hii ilizaliwa Geita na si mahali pengine. Wajerumani waligundua dhahabu katika nchi hii ya Geita kabla karne ya 19 haijaisha. Mgodi mkubwa wa enzi za Waingereza ulianza kazi katika miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Upande wa Kahama, mkoani Shinyanga, Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Kati ya migodi hiyo mikubwa yametapakaa maduara ya wachimbaji wadogo na makarasha ya kusagia mawe, ambako maelfu ya vijana hutafuta riziki kila siku.

Penye dhahabu huja watu. Huja kijana aliyemwacha mke nyumbani, huja mama lishe, huja mchuuzi na dereva, na msichana aliyedanganywa kwamba kuna kazi. Fedha hupatikana leo, kesho hazipo. Baba akikaa miezi sita mbali na familia yake, mara nyingi huanzisha familia ya pili, na wakati mwingine ya tatu. Hakuna haja ya kuzunguka katika jambo hili: mazingira ya namna hiyo ndiyo yaliyoupa UKIMWI njia pana ya kupita katika miji ya migodi, hapa kwetu na katika nchi nyingine za Afrika.

Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, majirani wa Geita. Ilipofika Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Wakati ule dawa za kurefusha maisha hazikuwa zimefika kwa mwananchi wa kawaida. Zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Hivyo basi, wapandaji wa mwaka 2002 walipanda katika kipindi ambacho kupimwa na kukutwa na virusi kulihesabiwa na watu wengi kuwa ni hukumu ya kifo. Nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Miongoni mwa waliofaidika na michango ya safari hizi ni watoto wa kituo cha kulelea yatima cha Moyo wa Huruma, mjini Geita.

Hali ya leo si ile ya mwaka 2002, lakini kazi haijakwisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya UKIMWI. Wale wanaojua hali zao karibu wote wanatumia dawa, na walio wengi miongoni mwao virusi vimefubazwa. Tatizo liko kwa wasiojua: kati ya kila watu 100 wenye virusi, wapatao 17 walikuwa hawajijui. Aidha, mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi zilizokuwa zikitegemea fedha hizo zilitikisika. Tangu hapo fedha zinazochangwa na wananchi na mashirika ya hapa nyumbani zimekuwa na uzito mwingine. Ndiyo maana ni haki ya kila mchangaji kuuliza mchango wake umefanya kazi gani, na ni vyema jibu likatolewa hadharani, kwa tarakimu, kila mwaka.

KUTOKA ZIWANI HADI MLIMANI

Zamani msafiri wa Geita alianza safari yake kwa kusubiri kivuko. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limeondoa adha hiyo. Kutoka hapo barabara inapita Shinyanga, Nzega, Igunga na Singida, ikageuka kuelekea Babati, halafu Arusha na Moshi. Katika mwendo wote huo abiria haoni mlima wa kumtisha mpaka aukute Hanang, na baadaye Meru. Kilimanjaro yenyewe hupenda kujificha mawinguni, na wako waliolala Moshi siku mbili bila kuiona.

Kwa wale waliosahau jiografia, Kilimanjaro ni mlima wa volkeno wenye vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira na Mawenzi zimekufa; Kibo imelala, na ndani ya kasoko yake bado hutoka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Mzungu wa kwanza kufika juu alikuwa Hans Meyer, Mjerumani, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, tarehe 6 Oktoba 1889. Walikipa kilele jina la mfalme wao. Jina hilo lilidumu mpaka usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, pale Luteni Alexander Nyirenda alipoweka bendera ya Tanganyika na Mwenge juu yake, nacho kikaitwa Uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa ameitoa ahadi ya kuwasha mwenge huo miaka miwili kabla, mwaka 1959, wakati nchi bado iko chini ya mkoloni.

Theluji ambayo Meyer aliikuta ikimziba njia sasa imebaki vipande. Zaidi ya robo tatu ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Mfanyakazi wa Geita anayetaka kuigusa asingoje wajukuu wake.

HEWA HABA

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miji ya Geita na Shinyanga haipandi sana kupita hapo. Mwili wa mkazi wa huku umezoea hewa ya urefu huo. Kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na kila pumzi anayovuta huingia na oksijeni kidogo zaidi. Pale kileleni hupata takriban nusu tu ya ile anayopata mtu aliyeko pwani. Mapafu hufanya kazi maradufu, moyo hupiga mbio, na hatua kumi huchosha kama kupandisha gunia la mpunga ghorofani.

Mwili una akili yake. Ukipewa muda utapumua kwa kasi zaidi, utatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na utaizoea hali mpya. Lakini hauwezi kufanya hivyo kwa siku moja, wala haujali cheo cha mtu. Kijana mwenye misuli kama mpiga nyundo huweza kulazwa hoi na urefu ambao mama wa miaka 50 aliuvuka akitembea polepole na kunywa maji. Kwa hakika, vijana wenye nguvu huwa katika hatari ya pekee, kwa kuwa nguvu zao huwawezesha kupanda haraka kuliko damu yao inavyoweza kufuata. Wala mazoezi ya nyumbani hayatoshi kwa jambo hili. Mtu aweza kupanda na kushuka vilima vya Geita mwaka mzima, akapata miguu ya chuma, lakini hewa haba haipatikani Geita. Itamkuta mlimani.

Maradhi ya mlimani huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula. Hapo mtu akipumzika, akanywa maji, asipande zaidi, kwa kawaida hali hutengemaa. Hatari huja anapoficha. Akiendelea kupanda, maji huweza kujaa katika mapafu: atakohoa, atahema hata akiwa amelala, midomo itageuka rangi. Au ubongo huweza kuvimba: atayumba kama mlevi, atasema maneno yasiyoeleweka, atataka kulala na asiamke. Hali zote mbili huua, na huweza kuua kwa saa chache. Zipo dawa, na zipo mitungi ya oksijeni, lakini hivyo ni vya kununua muda tu. Tiba ni moja: kushuka, na kushuka saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Mlimani ziko machela zenye gurudumu moja kwa ajili hiyo.

Kwa watu wa ukanda wetu yako mambo mawili zaidi ambayo vitabu vya watalii havitilii mkazo. La kwanza ni kifua. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi katika vumbi la mawe, hasa kwenye makarasha na maduara yasiyo na maji wala vinyago vya kuzuia vumbi, huenda anatembea na mapafu yaliyokwisha kuumia bila yeye kujua. Kifua kikuu nacho huwapata wachimbaji kuliko watu wengine. Huyu hawezi kuanza safari hii kwa kuamini tu kwamba ana nguvu. Ni lazima kwanza apigwe picha ya kifua na daktari aisome.

La pili ni selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka, na mikoa ya Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa ile iliyoathirika zaidi. Chembe za damu za mgonjwa huyu hujikunja oksijeni inapopungua. Mlima kwake ni marufuku. Hata yule asiyeumwa, ila amerithi chembe hizo kutoka kwa mzazi mmoja, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu, ilhali nyumbani hajapata kuumwa hata siku moja. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Ni jambo la kushangaza kwamba mtu huweza kutafuta buti za kukodi Moshi nzima lakini asitafute kipimo hicho katika hospitali ya mkoa wake.

Na wale wanaotumia dawa za kufubaza virusi? Hakuna sababu ya kuwaambia kwamba mlima si wao. Ashauriane na daktari wa kliniki yake, na dawa zake azibebe katika mfuko wake mwenyewe, si katika mzigo wa mpagazi, ili saa yake ya kumeza isipite. Msafara unaopanda kwa jina la UKIMWI halafu mtu akaogopa kumeza kidonge mbele ya wenzake hemani, huo haujafika popote hata ukifika Uhuru.

SIKU ZA NJIANI

Njia ziko kadhaa. Ile ya Marangu ndiyo ya zamani, nayo ina nyumba za kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Wengi siku hizi hupendelea ya Machame, ambayo hulalwa katika mahema, na sababu ya kuipendelea ina maana kwa yale tuliyoyaeleza.

Siku ya kwanza ni msitu, matope na mvua nyembamba mpaka karibu mita 3,000. Ya pili ni vichaka na mawe hadi uwanda wa Shira. Siku ya tatu ndiyo ya hekima. Mpandaji hupelekwa hadi Lava Tower, jiwe kubwa la volkeno lililo kwenye mita 4,600, akala chakula chake cha mchana huku kichwa kikimgonga, kisha akateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wenye haraka hunung'unika: kwa nini tupande halafu tushuke? Lakini hiyo ndiyo kanuni ya mlima. Panda juu, lala chini. Mwili huonjeshwa hewa haba mchana, ukaachwa uijenge damu yake usiku. Anayeongeza siku moja pale Karanga hununua nafasi kubwa zaidi ya kufika, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa na mtu anayebana fedha.

Kutoka kambi ya Barafu watu huamshwa karibu na saa sita za usiku. Baridi huweza kushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Mkazi wa Shinyanga, ambaye kwake baridi ni ile ya asubuhi ya Julai, hana cha kuilinganisha nayo. Maji huganda katika chupa. Tochi hupangana gizani kama siafu, na kiongozi haachi kurudia maneno yake mawili, pole pole. Mteremko wa changarawe ni wa mita zaidi ya elfu moja. Unapiga hatua mbili, changarawe inakurudisha moja. Saa kumi na moja za alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Hapo watu wazima hulia, na wengine hulala wakiwa wamesimama. Jua likichomoza nyuma ya Mawenzi hali hubadilika, hata kama hewa haijaongezeka. Ukingoni ni Stella Point, mita 5,756, na kutoka hapo hadi Uhuru ni mwendo mwingine wa kama saa moja, mrefu kuliko unavyoonekana kwa macho.

Mwaka 2022 Shirika la Mawasiliano, TTCL, lilifikisha intaneti mlimani, hivyo siku hizi mtu huweza kuzungumza na watu wa nyumbani akiwa huko juu. Akina mama wa nyumbani waliokuwa wakikaa wiki nzima bila habari wamepata nafuu. Ila simu hiyo hiyo imeleta jaribu jipya, la mtu kutaka picha ya kileleni kwa gharama yoyote ile.

MZIGO WA ALIYEAGWA KWA SHANGWE

Mfikirie sasa mfanyakazi huyu. Ameagwa kwa ngoma na hotuba. Ameshika bendera, kiongozi wa Serikali amempa mkono, picha yake imetokea gazetini, watoto wake wamewaambia wenzao shuleni kwamba baba anakwenda Kilimanjaro. Idara yake nzima imechanga. Usiku wa nne anaanza kukohoa. Atasema?

Mtalii aliyetoka ng'ambo analo shinikizo la fedha alizolipa. Huyu wetu analo kubwa zaidi, la watu waliomtuma. Mimi naona hapa ndipo penye hatari ambayo waandaaji wa safari za hisani, mahali popote, wanapaswa kuishughulikia kabla ya buti na makoti. Mpandaji aambiwe mapema, tena mbele ya wale wanaomwaga, kwamba kufika kileleni si sharti la mchango. Fedha iliyochangwa hairudishwi kwa sababu mtu aliishia Barafu. Yatima hali shahada ya kileleni. Na anayeongoza msafara apewe mamlaka yasiyopingwa: akisema shuka, hata meneja ashuke.

Mke au mume nyumbani naye ana neno la kusema. Badala ya kumwambia aendaye asituaibishe, amwambie kwamba atapokelewa vilevile akirudi kutoka mita 4,000. Maneno kama hayo huweza kumwokoa mtu pale ambapo kiburi kimemziba masikio.

WANAOBEBA

Nyuma ya kila mpandaji wako watu watatu au wanne wasiopigwa picha: mpishi, kiongozi msaidizi, na wapagazi, ambao mlimani wenyewe hujiita wagumu. Hubeba mahema, majiko, maji na mabegi kichwani na mgongoni, huwapita wapandaji njiani kwa mwendo wa haraka, na jioni wapandaji hukuta chai imekwisha chemka. Kanuni za hifadhi zinakataza mpagazi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Wengi wao ni vijana wa vijiji vya Kilimanjaro na Arusha, na kwa mkulima mwenye shamba dogo la migomba na kahawa kipato hiki ndicho kinachosomesha mtoto.

Mtu wa Shinyanga anayo sababu ya pekee ya kuwaheshimu. Katika karne ya 19 ni mababu zake, Wanyamwezi na Wasukuma, waliobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga. Upagazi ni kazi tuliyoijua. Tunajua pia mpagazi huweza kufa kwa baridi akiwa na viatu vilivyochanika, naye ndiye aliyebeba jaketi la mtu mwingine. Kwa hiyo msafara uulize kabla ya kulipa: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi? Kampuni ya bei rahisi mno hupunguza gharama zake mahali fulani, na mara nyingi mahali penyewe ni tumbo la mpagazi.

MAANDALIZI YA NYUMBANI

Si lazima mtu asubiri msafara wa mgodi. Ada ya kuingia Hifadhi ya Kilimanjaro, ambayo ilianzishwa mwaka 1973, hulipwa na Mtanzania kwa shilingi na ni ndogo mno ukiilinganisha na dola anazotozwa mgeni. Gharama kubwa ni viongozi, wapagazi na chakula, na hizo hupungua watu wakijikusanya kikundi. Chama cha kuweka na kukopa kinachoweza kununua bodaboda kwa mwanachama kinaweza pia kumpeleka mlimani kwa zamu. Watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kupanda kileleni, lakini siku moja ya kutembea msituni hadi Mandara na kurudi ni zawadi nzuri ya likizo kwa mtoto mkubwa aliye na afya.

Mavazi yasiwe ya pamba mwilini. Pamba ni zao letu na tunalipenda, lakini likilowa jasho hubaki bichi, na ubichi huo usiku wa Barafu ni adui. Sufu au nguo za nailoni ndizo zifaazo karibu na ngozi, na koti la kuzuia upepo juu. Viatu visiwe vipya siku ya safari. Vivaliwe miezi miwili, kazini na sokoni, mpaka vimzoee mwenyewe. Maji anywe lita tatu hadi nne kwa siku, hata kama hana kiu.

Chakula kimekuwa taabu ya wengi, kwa kuwa huko juu nyama na mafuta humchukiza mtu. Uji, viazi, wali mkavu na supu nyepesi ndivyo vinavyoshuka. Hapa mama wa Kisukuma ana cha kuwafundisha wapishi wa hoteli: matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, havichachi, havigandi vikawa jiwe, vina sukari yake ya asili, na kiganja kimoja pamoja na karanga huweza kumvusha mtu saa mbili za njia. Mfuko mmoja kutoka Shinyanga una uzito mdogo kuliko makopo anayobebeshwa mpagazi.

Majira mazuri ni ya ukavu: kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari hadi mwanzo wa Machi. Msafara wa Geita kwa kawaida hupanda Julai. Kwa hiyo anayekusudia kwenda na aanze kutembea mwezi Machi, saa moja kila siku na saa nne kila Jumapili, akiwa na mzigo mdogo mgongoni. Picha ya kifua na kipimo cha selimundu avimalize kabla ya Pasaka, na akiwa hapo hapo hospitalini, apime na virusi vya UKIMWI, pamoja na mwenzi wake.